Mie Bwana, Yeye Mke

Shule nimesoma kidogo, lakini kuigiza nikijua. Miaka ya tisini, hapa Maskati, ilikuwa nadra kupita siku ya hina ya Wazanzibari, wanawake peke yao, tusiitwe mie na mwenzangu. Mie bwana: kanzu ya kaka yangu, kofia, masharubu ya wanja. Yeye mke. Bwana anarudi nyumbani kachelewa, anabembeleza, mke anamkimbiza na ndara ukumbi mzima. Watu wakicheka mpaka wakishika mbavu.

"Bwana kama huyu nimpate wapi mie?" bibi mmoja alipiga kelele. "Wangu hata salamu hajui!"

Mie na yeye tukipendana, kama mke na mume. Vicheko vile ndivyo vilivyotusitiri.

Siku moja, kwenye hina huko Qurum, alinyanyua ndara asinipige. Akaiweka chini. Akanivua kofia, akanilaza kichwa begani kwake, akasema, "Umechoka. Kaa." Hakucheka mtu.

Walionimaliza nnawataja. Majina siyaandiki, wenyewe watajijua. Wa kwanza wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyekuwa akinipigia pasi ile kanzu kwa mkono wake. Alipeleka maneno kwa shangazi wa mwenzangu hata masharubu sijayafuta. Wa pili ni huyo shangazi. Mwezi haukwisha, keshamtafutia mwenzangu mume wa Sohar. Mwenyewe hakuulizwa.

Kisha shangazi akanijia nyumbani kwetu, huko Ansab.

"Hina yake utakuja kuigiza. Bwana ni wewe, mke atakuwa wifi yako."

"Siwezi, bibi."

"Usipokuja, watu watasema ndiyo kweli. Na maneno hayatakufuata wewe, yatamfuata yeye kwa mumewe. Unataka hivyo?"

Nikaenda. Wifi alinikimbiza, akanipiga kwelikweli, mgongoni, vigelegele vikajaa nyumba. Shangazi akasimama.

"Si mnaona? Mchezo tu huu, jamani!"

Bibi harusi alikaa mbele, mikono na miguu imejaa hina mbichi, hawezi kugusa kitu. Machozi yakimshuka mpaka kidevuni, kujifuta hawezi. Nilikuwa hatua chache tu, na masharubu yangu, na watu wote wale wakinitazama mie. Nisingethubutu. Shangazi ndiye aliyemfuta, kwa ncha ya mtandio.

"Analilia kwao, maskini."

"Mwacheni alie," wakaitikia wanawake. "Sote tulilia."