Kiti cha Bluu chenye Nyota

Leo mjukuu wangu anapaka dirisha rangi, na harufu yake imenirudisha kwenye ua wetu wa utotoni.

Mama alikuwa amenunua kiti kikuukuu sokoni kwa ajili ya baba, aliyengojewa kurudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Alikisugua kwa majani ya msasa mpaka mbao zikawa laini, akakipaka bluu. Kisha akakata umbo la nyota kwa wembe kwenye katoni ya sabuni. Mimi niliibana katoni kwenye mgongo wa kiti, naye akagongagonga rangi nyeupe juu yake kwa kitambaa.

"Kaza mukono, mwanangu. Nyota isitoke na mukia."

Barabarani walianza kupita watu wa upande wa Salamabila, mizigo kichwani. Hakuna aliyetusalimu.

"Mutu hapiti kimya mbele ya nyumba ya watu," alisema bibi, mama yake baba. "Hawa iko na neno wanaogopa kuulizwa."

"Wamechoka tu, mama. Safari iko murefu," mama alimjibu mkwewe.

Lakini aligonga rangi huku akitazama barabara, na nyota ya mwisho ikatoka na mkia.

Jioni alikiweka kiti mlangoni, kikitazama barabara. Kaka yangu alipotaka kukikalia, alimzuia: "Rangi iko mubichi."

Mungu ashukuriwe, mama alitulea sote peke yake tukakua. Mvua zilipita, viangazi vikapita, rangi ikaanza kubanduka. Mgeni akikisogelea kile kiti, mama alimtandikia mkeka.

"Kaa hapa," alimwambia kwa upole. "Ile rangi iko mubichi bado."