Usaili Wangu Uliosikika Mtaa Mzima

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe aibu nimeshaizoea. Kazi yangu ni kufundisha tamthilia za Kiingereza za miaka mia nne iliyopita (ndiyo, kazi hiyo ipo, ingawa mama huwaambia majirani mimi ni mkalimani), na kwa muda mrefu nilikuwa naishi kwa mikataba ya muda mfupi, mpaka chuo kikaniita usaili wa ajira ya kudumu, kwa simu ya video. Siku yenyewe umeme ukakatika kwetu, nikakimbilia Kariakoo dukani kwa shangazi, anauza vitenge na jenereta analo.

Asubuhi hiyo shangazi alikuwa ameazima simu yangu arushe tangazo kwenye spika ya nje, "karibuni, vitenge vya harusi!" Nikalizima, nikajibanza stoo kati ya majora ya vitenge, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta, nikaingia kwenye usaili. Maprofesa hao, midomo inacheza, sauti sisikii. Ningesema tu siwasikii yangeisha, lakini mtu anaomba kazi aanze na malalamiko? Nikatabasamu, nikatikisa kichwa: "Kabisa, Profesa. Nakubaliana nawe."

Mara muuza soksi akachungulia, anahema. "Dada, huyo mzee kauliza kama masomo yako hayana faida kwa mtoto wa Kitanzania, na wewe unakubali?"

Kumbe simu ilikuwa bado imeungana na spika! Watu wamejaa barazani wanafuatilia usaili wangu kama mpira, na shangazi mbele yao, mikono kiunoni: "Toka umjibu! Nimekusomesha ukubali ujinga?"

Nikatoka mbio, simu mkononi, kitenge kimenasa mguuni kinanifuata (cha harusi, tena), nikapaza sauti: "Profesa, nakanusha!" Umati ukaitikia, "Eheee!" Nikamweleza kwamba tamthilia zile zimejaa ndugu wanaogombania mirathi hata marehemu hajapoa. Mama mmoja akadakia, "Hao si mashemeji zangu hao!" Profesa akaangua kicheko, na kwa spika ile nadhani hata mtaa wa pili, Gerezani, walikisikia.

Kazi nilipata, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Nimeapa: nisiposikia, nasema sijasikia, hata kama anayeuliza ni rais. Profesa naye amelifanya jambo hilo utani, tukikutana ngazini ananong'ona kitu makusudi, kisha anangoja nitikise kichwa.

"Sijasikia, Profesa," namwambia. "Rudia."