Manati ya Mti wa Kahawa

Mtu akiniuliza achukue manati gani ili aanze kulenga shabaha, ninamwambia aishike, anyooshe mkono mbele ya uso, kisha asali Baba Yetu polepole. Mkono ukitetemeka kabla ya Amina, airudishe mezani, hata ikiwa nzuri namna gani. Wengi wanacheka. Hata mimi nilicheka siku niliyoambiwa.

Kwetu Butembo bastola si kitu cha mchezo, na mwenye akili haitamani. Lakini raha ya kulenga na kupata, hiyo watu wanayo. Miaka michache iliyopita, pale Vulamba, watu wazima tulikusanyika Jumapili baada ya ibada kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya mikaratusi. Tulitundika mikebe ya tomate, ile ya nyanya za kopo, kwenye kamba, tukaipaka masizi ya sufuria, na tukaipiga kwa vidonge vya udongo mweupe tulivyovikausha juu ya jiko la makaa. Kidonge kikigusa mkebe kiliacha alama nyeupe, kwa hiyo hakukuwa na ubishi. Jiwe lilikatazwa, kwa sababu jiwe linaruka na kurudi machoni mwa watu.

Mimi ni mshonaji. Nilikwenda pale kwanza kutazama tu, nikiwa na kitenge changu begani. Kisha wakatangaza kwamba wapigaji wanne bora watakwenda Beni kushindana siku ya sikukuu, katika basi la kanisa, na kila mmoja atakuwa na viti viwili: chake na cha mtu wa kumsindikiza.

Nilipolisimulia hilo nyumbani, shangazi yangu aliacha kuchagua maharage. Alikuwa amekimbia vita kutoka Mabalako, akaacha shamba la mpunga, akaja kukaa kwangu. Mdogo wake alikimbilia Beni. Walikuwa wakisikilizana kwenye simu tu, kwa sababu shangazi aliiogopa barabara ya Beni, ambako watu wenye silaha walivamia magari.

"Peke yangu siwezi," alisema. "Lakini mu gari ya kanisa, na batu banaimba, naweza kwenda."

Hakulirudia tena, akaendelea na maharage yake. Tangu siku hiyo nilikitaka kile kiti cha pili kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Kosa langu lilikuwa la kawaida sana kwa watu wa Butembo. Tumezoea kuamini kwamba kitu kilichosafiri mbali kwa kontena ndicho kizuri. Nikaenda sokoni, nikatoa akiba niliyokuwa nimewekea vitambaa, nikanunua manati ya chuma. Ilikuwa inang'aa, ina chuma cha kushika kifundo cha mkono, na mpira mnene wa njano. Niliileta nyumbani imefungwa ndani ya karatasi kama keki.

Shangazi aliigeuza mkononi. "Umenunua iyi ju inang'aa."

"Hapana, Shangazi. Nimeinunua ju iko na nguvu."

"Nguvu ya nani? Yake ao yako?"

Niliifunga tena ndani ya karatasi yake. Majuma matatu nilivuta ule mpira kwa meno yaliyobanwa. Nikiuvuta mpaka shavuni kama wengine, mkono wa mbele ulitetemeka na vidonge vikaenda kwa Mungu. Nikiuvuta nusu tu, vilikwenda vizuri kidogo, lakini niliona aibu kuvuta nusu mbele ya wanaume. Jirani yetu, muuza misumari na mabati, ambaye naye alikuwa mpigaji, alikuwa anafurahia sana.

"Mama mushonaji, ndeke za kule juu zimekukosea nini?"

Mwishowe nikamuuzia manati hiyo huyo huyo jirani, kwa bei ya chini, nikarudi kwa shangazi. Ndipo aliponifundisha kuchagua, naye alijua, kwa sababu kule Mabalako alilinda mpunga dhidi ya ndege tangu akiwa msichana.

Tulianza na panda, ule mti wenye matawi mawili unaoshikwa. Nilileta matawi ya mpera, ya mwavokado na ya kahawa, akaniamuru kushika moja moja na kusali. La mpera lilikuwa zito. La mwavokado lilipasuka lilipokauka. Tawi dogo la kahawa lilikaa kiganjani kana kwamba tumezaliwa pamoja.

"Na uchague nyepesi zaidi," aliongeza. "Siye bakatolike Baba Yetu yetu inakwisha mbio. Weye uliolewa kwa baprotestanti, yenu iko murefu, munaongeza 'ufalme ni wako' mbele ya Amina."

Kisha mpira. Aliukataa wa lori, akachukua shambre ya baiskeli, ule mpira wa ndani, iliyochoka, akakata mikanda miwili kwa mkasi wangu wa kazi, akaipima mmoja juu ya mwingine mara tatu. "Huu usipolingana na mwenzake, kidonge kitakwenda upande," alieleza. "Uvute mpaka shavu, na ukae. Kama huwezi kukaa, si wako." Kifuko cha ngozi tulikikata kwenye ulimi wa kiatu cha zamani. Yote hayo hayakunigharimu hata bei ya mita moja ya kitambaa. Nilifanya mazoezi uani kila asubuhi, naye nyuma yangu, akisema neno moja tu: "Polepole."

Siku ya kuchagua timu ilifika. Nafasi tatu zilijaa mapema. Ya nne tulibaki mimi na jirani, tumelingana. Kwetu kulikuwa na desturi: watu wakilingana, mikebe mitatu ya mwisho kila mmoja anapiga kwa manati ya mwenzake. Walioanzisha mchezo hawakutaka mfuko wa mtu ushinde mahali pa mkono wake.

Jirani akanipa ile ya chuma, akicheka. "Unaikumbuka? Ilikuwa inakulilia."

"Naijua kuliko weye," nikamwambia.

Kweli niliijua. Safari hii sikuona aibu. Niliuvuta mpira nusu tu, watu wakaguna, nikapata mkebe wa kwanza. Nikakosa wa pili. Nikapata wa tatu. Yeye aliishika ya kahawa kwa vidole viwili kama kijiko cha mtoto, akalenga kama alivyozoea kwa mpira mnene, na kidonge kikaanguka chini ya mkebe. Cha pili vilevile. Cha tatu alirekebisha, akapata, lakini alikuwa amechelewa.

"Iyi kitu iko na adabu sana," alisema akinirudishia. Hakununa. Yeye mwenyewe alibeba mzigo wa shangazi mpaka kwenye basi.

Njiani shangazi aliimba nyimbo za Kiprotestanti ambazo hakuzijua, akifuata mdomo wa mtu aliyeketi karibu naye. Beni, mdogo wake alikuwa anangoja kando ya uwanja na kikapu cha karanga. Walishikana mikono muda mrefu, kisha wakaketi kwenye benchi na kuanza kumenya karanga, wakiongea Kinande, lugha ya kwetu, kwa haraka kama mvua ya kwanza.

Nilipoitwa kupiga, niligeuka ili nione kama shangazi anatazama. Walikuwa wameupa uwanja mgongo, wote wawili. Nilipata mikebe mitatu kati ya kumi, na timu yetu ikashindwa vibaya. Nilipokwenda kumweleza, alinijazia kiganja karanga, akaendelea na maneno yake.

Uwanja wa Vulamba sasa umejengwa nyumba, na shangazi alibaki Beni kwa mdogo wake. Manati ya kahawa imetundikwa juu ya cherehani yangu, mpira wake umekauka. Anayetaka kuanza ninampa aishike kidogo, anyooshe mkono. Kisha ninamuuliza kanisa lake.