Kufuli la Nje na Kibao cha Ngome

Ninyi vijana mtakaosoma haya, fikeni mwisho kwanza ndipo mnicheke. Shule niliiacha darasa la tatu, naandika kama ninavyosema.

Miaka ile tuliishi ugenini kusini, mtaa wa Jeppestown, ghorofa ya pili, juu ya gereji. Binti yangu alisuka nywele Randburg na kurudi jioni. Wanawe wawili nilibaki nao mimi, msichana wa miaka kumi na mdogo wake anayetambaa. Wageni kama sisi walikuwa wakipigwa mitaani, nami nikajiona mwerevu. Nikitoka, nilifunga mlango wa nondo kwa nje, kufuli kubwa, ufunguo nikauvaa shingoni. Ulikuwa mmoja tu. Sikumwamini mtu.

Jumamosi moja nilipanda mlimani kusali na akina mama wa kanisa. Huko juu kuna magofu ya ngome ya askari wa zamani, kuta za mawe bila paa, na kibao cha chuma kilichopigiliwa ukutani. Tulisali pale kujikinga na upepo. Miaka yote niliegemea kile kibao, sikuwahi kuuliza kimeandikwa nini.

Katikati ya maombi simu ikalia. Mjukuu wangu, anayeniita Koko, yaani bibi.

"Koko, moshi unaingia."

Wapiga wageni walikuwa wamechoma matairi mbele ya jengo letu. Nikainuka niende, lakini njia ya kushukia ilijaa vijana wenye fimbo. Akina mama wakanivuta nyuma ya ukuta.

"Niacheni! Nimewafungia watoto, ufunguo ninao mimi!"

"Mwingine anao nani?" akauliza mama mmoja Mkenya, mtu wa benki.

"Hakuna mwingine."

Tukakaa. Mwenzetu mmoja, wa kutania hata msibani, akaonyesha kibao. "Hebu tusomee, mama wa benki. Hawa nao walijificha kumkwepa nani?"

Akasoma Kiingereza chake, kisha akatuambia: "Waliwekwa humu kulinda mji. Adui hakupanda hapa hata siku moja."

"Kumbe walijifungia bure!"

Wakacheka. Mimi nilishika ufunguo mpaka meno yake yakanichoma kiganja.

Simu tena. "Ngiyesaba, Koko." Kizulu cha mtaani, anaogopa. Kila siku nilimgombeza, sema Kiswahili humu ndani! Siku ile sikumgombeza. Nikamwambia aloweshe taulo, azibe dirisha, alale sakafuni na mdogo wake. Zaidi ya hapo sikuwa na la kumfanyia.

Vijana walipotawanyika nilishuka mbio, na magoti haya. Mlangoni nikamkuta mama Mzulu anayeuza mboga chini ya jengo letu. Tangu tuhamie sikuwahi kumsalimu, na kufuli lile nililifunga kwa ajili ya watu kama yeye. Alikuwa amekaa sakafuni, mkono kaupitisha kwenye nondo, anampangusa mtoto uso kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa amejaribu kuvunja kufuli kwa jiwe, likamshinda.

"Eish, gogo," akasema, akiniita bibi kwa Kizulu, "hata kuku wangu siwafungii hivi."

Nikatafuta tundu la kufuli, nikalikosa. Akaninyang'anya ufunguo, akafungua yeye.

Jioni binti yangu aliporudi nikawakalisha wote.

"Kuanzia leo mlango huu haufungwi kwa nje mtu akiwa ndani. Kesho chongesheni funguo mbili. Mmoja ukae msumarini, huyu mtoto aufikie. Wa pili mpelekeeni mama wa mboga, na salamu nitatangulia kutoa mimi."