Sweta Lililoshuka Mbele ya Wakwe

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, pale nyumbani Nyakakika, nilipokaribia kukosa mume kwa sababu ya sweta.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na kila nililoambiwa niliuliza nani amethibitisha. Mchungaji alinikwepa. Hata muuza mbolea alinikwepa.

Wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Muleba kujitambulisha. Kwetu shangazi ndiye humwandaa binti, kwa hiyo nilikuwa mikononi mwa shangazi Koku, dada yake baba, ambaye vitambaa vyake vya kufuma vimefunika makochi ya nusu ya kata ya Ndama. Tulikuwa tumesikia kwamba mama mkwe hana imani na wasomi, anasema hawajui kazi ya mikono. Nikaamua kumfumia jibu: sweta la kroshia la uzi wa pamba, jeupe, jepesi, lenye maua na matundu.

Nilipofika kiunoni Shangazi akaniambia nikate uzi, maana pamba ikifumwa kwa matundu hushuka yenyewe ikivaliwa. Nikamuuliza hushuka sentimita ngapi kwa saa. Akasema hajui. Nikamuuliza sasa anajuaje kama inashuka. Akaniambia nifume kipande cha ukubwa wa kiganja, nikifue, nikitundike, nikipime. Niliona ananipotezea muda. Nikaongeza mistari hadi mapajani, na mikono hadi kwenye vidole, kwa heshima ya wageni.

“Haya,” alisema, “wewe ndiye uliyesoma.”

Siku yenyewe ukungu ulichelewa kuondoka na sweta nililolifua halikukauka, nikalivaa likiwa na unyevunyevu. Nikapewa kikapu cha punje za kahawa ya kutafuna, nimpigie magoti kila mgeni na kumkaribisha. Kwa mjomba wa mchumba wangu, sweta lilikuwa bado la adabu. Kwa mgeni wa tatu nililikanyaga kwa goti. Mikono ya sweta nayo ikaanza kutangulia vidole vyangu, inaingia kikapuni na kutoka na kahawa imenasa kwenye maua. Nilipofika kwa mama mkwe na kunyoosha mikono kumwamkia, mkono wa sweta ukakikumba kikapu, kahawa ikamwagika yote mapajani mwake.

Nikasema shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

“Marahaba.” Akaokota punje moja, akaitafuna taratibu. “Hili umelifuma mwenyewe?”

“Ndiyo, mama.”

“Na kwenu hakuna mtu wa kukuambia kwamba pamba hushuka?”

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la ndizi. Ningesema hakuna, ningepona mimi, na aibu ingemwangukia yeye mbele ya wageni.

“Yupo, mama. Ni shangazi yangu yule pale. Aliniambia, mimi nikadai ushahidi.”

Akanitazama kuanzia shingoni kwenda chini. “Basi ushahidi umefika magotini.”

Shangazi alicheka hadi ikabidi apokonywe sinia. Mama mkwe akanikalisha chini karibu naye, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua mstari baada ya mstari huku akiuzungusha vidoleni. Mjomba alipouliza kama mazungumzo yaendelee, alimjibu bila kuinua kichwa: “Endeleeni. Anayekubali kosa lake mbele yetu leo, atalikubali na huko nyumbani.”

Mwanangu, sikuambii uache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha, na mume wangu ni shahidi. Ila ukiwa na shaka na neno la mtu aliyeianza kazi kabla yako, lijaribu. Fuma kipande cha kiganja, kifue, kipime, ndipo ubishane naye. Mimi niliuliza maswali kumi ili nisijaribu hata mara moja, nikaiita hiyo elimu. Na ukishakosea, mtaje aliyekuonya, hata kama kumtaja kunakuvua nguo.

Mungu akupe kichwa kisichochoka kuuliza na mikono isiyoona uvivu kupima. Na siku utakapoaibika, akukalishe karibu na mtu anayejua kufumua bila kukata uzi.