Mma Hereni na Mashine ya Ghanzi

Siwapendi watu wanaoiita kazi ya mwenzao upuuzi kabla hawajaijaribu, na nasema hivyo nikijua kwamba kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa mmoja wao. Kazi yenyewe ilikuwa ya Mma Onkemetse Ramasu, mama wa miaka hamsini na minane aliyekaa pembeni mwa ukumbi wetu wa kompyuta pale Broadhurst, Gaborone, chini kabisa ya tundu la hewa baridi, blanketi magotini na daftari kubwa la jalada gumu mezani. Kazi yake ilikuwa kuandika lebo. Sisi mafundi tulimwita Mma Hereni, kwa sababu kabla ya kuja kwetu alikuwa akivalisha ng'ombe hereni za utambulisho, na tulidhani tunamtania.

Kampuni yetu inakodisha kompyuta zisizo na mwili. Mteja hapewi sanduku la kubeba. Tunamuumbia mashine yake ndani ya kompyuta zetu kubwa, naye anaitumia kutoka hukohuko aliko, awe Maun au Francistown. Kila mashine ya namna hiyo huzaliwa kutoka kwenye nakala mama, na nakala mama inatakiwa iwe na lebo: inajua diski ya aina gani, kadi gani ya mtandao, inahitaji nafasi kiasi gani, ilitoka wapi, ya nani. Kompyuta kubwa huisoma lebo hiyo inapoiumba mashine, ikaipa viungo vinavyoifaa. Lebo isipokuwepo, inatoa viungo vya kawaida, vya kisasa, halafu kila mtu anabaki kumwomba Mungu.

Mma alizaliwa kwenye kambi ya ng'ombe ya baba yake, nje ya Serowe. Akiwa na miaka minane aliwajua ng'ombe sitini kwa mikato ya masikio yao, na ndugu zake wa kiume walimchukia kwa hilo. Baadaye alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye vibanio vya mifugo, vile vichochoro vya mbao vya kumbana ng'ombe atulie, upande wa Letlhakane, jua la utosini, vumbi mpaka kwenye meno, akiandika kila ndama mama yake nani, chanjo gani, alama gani. Mpaka leo watu wa huko wanasimulia jinsi alivyomrudisha fahali wa tajiri mmoja kwa kukosa hereni, na tajiri mwenyewe alikuwa amekuja na suti na wajomba watatu. Mma alimwambia kwamba suti haina namba.

Kwetu aliletwa kukaa mapokezi, kuandika wageni. Siku moja alipita ukumbini akaona kwenye skrini orodha ya nakala zetu mama, mia moja na arobaini, zenye majina kama Mpya, Mpya Mbili, Ya Mwisho, na Ya Mwisho Kabisa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hata mbuzi wake wana majina yenye maana kuliko hayo, kisha akauliza, bila kumung'unya maneno, tunajuaje ipi ni ipi. Meneja wa wakati huo, mtu mwenye busara zake, alimpa meza na mwalimu wa wiki tatu. Kufikia mwezi wake wa nne Mma alikuwa anazijua nakala zetu kuliko sisi tuliozitengeneza.

Sheria yake ilikuwa moja: nakala haiingii ghalani, yaani kwenye hifadhi ya nakala mama, bila lebo kamili. Kwanza anauliza maswali, anaandika daftarini kwa kalamu, ndipo anaingiza kwenye kompyuta. Ukimletea nakala saa nne asubuhi na majibu nusunusu, unarudishwa kama yule fahali. Mimi nilirudishwa mara nyingi, nikanung'unika kila mara.

Kisha akaja meneja mpya, Rra Keoagile (Rra kwetu ni bwana, kama Mma alivyo mama), kutoka Johannesburg, kijana wa viatu vinavyong'aa na haraka nyingi. Jumatatu ya wiki yake ya tatu alituita kikaoni, akasema lebo zinachelewesha wateja, mashine za siku hizi zinajipanga zenyewe, na mwisho wa wiki meza ya lebo itaondolewa. Mma Ramasu atarudi mapokezi. Aliyasema hayo Mma akiwa ameketi palepale, kikombe cha chai mkononi.

"Nimesikia, Rra," Mma akasema, akamaliza chai yake.

Mimi nilifyata ulimi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekula maandazi ya yule mama mwaka na nusu, yale ya moto anayoyaleta kila Jumanne, na sikuwa na neno hata moja la kumtetea.

Jumatano ikaletwa nakala ya chama cha wafugaji cha Ghanzi, mbali huko magharibi. Kompyuta yao kongwe, iliyokuwa kwenye stoo nyuma ya duka la chumvi ya mifugo, ilikuwa imekata roho, na mtu mmoja alikuwa amewahi kuinakili yote nzimanzima kabla haijazimika kabisa. Ndani yake mlikuwa na ukoo wa ng'ombe wa wanachama wote, miaka kumi na minne. Ijumaa mchana ungefanyika mnada wa mafahali, na pale hakuna mnunuzi anayemgusa fahali asiyejulikana babu yake. Rra Keoagile akaona amepata mfano. Akaniambia niiingize bila lebo, tuwaonyeshe watu kwamba ni kazi ya saa moja.

Nikaingiza, nikaumba mashine. Skrini nyeusi, na mstari mmoja mweupe unaosema diski haionekani. Alhamisi nilikisia kwamba ni mfumo wa zamani, haujui diski zetu za kisasa, kwa hiyo nikaenda kimyakimya kwenye lebo ya nakala nikaandika aina ya zamani ya diski. Nikaizima mashine, nikaiwasha. Nyeusi. Nikasoma, nikabadilisha, nikazima, nikawasha. Mpaka jioni nilikuwa nimeiwasha mara tisa, na Ghanzi walikuwa wamepiga simu mara kumi na moja.

Ijumaa asubuhi, saa nne, nilimkuta Mma anapanga vitu vyake kwenye boksi: kalamu, blanketi, picha ya wajukuu. Daftari alikuwa ameliacha juu ya meza, kama vile hajui ni lake au la kampuni. Nikamwambia shida yangu mbele ya watu wote. Rra Keoagile akasikia, akaja, akasimama mikono mfukoni.

"Mma, kama hilo daftari lako linaweza kuiamsha hiyo mashine kabla ya saa sita, meza yako inabaki," akasema. "Ikishindikana, nitakusaidia mwenyewe kubeba boksi."

Watu wawili watatu wakacheka kile kicheko cha kumfurahisha bosi. Mma akatoa kalamu ndani ya boksi, akafungua ukurasa mpya.

Hakugusa kompyuta. Alipiga simu Ghanzi, kwa katibu wa chama, mzee mmoja aitwaye Rra Dabe, na kwanza wakasalimiana kama watu wenye siku nzima: mvua, nyasi, watoto. Rra Keoagile alitazama saa yake mara tatu. Kisha Mma akaanza kuuliza. Ilinunuliwa lini? Mwaka wa ule ukame mkubwa. Mfumo umewahi kubadilishwa? Kamwe, mpwa wake alitaka kuubadilisha wakamfukuza. Mtandao ulipitia wapi? Waya wa bluu, kwenye kadi waliyokuja nayo kutoka dukani. Ilikuwa inafunguka kwa uvivu? Sana, alikuwa anaiwasha kisha anakwenda kukamua. Kila jibu likaandikwa daftarini kwa mwandiko ule wa mviringo. Saa tano kasoro kumi ukurasa ulikuwa umejaa.

Ndipo akaifungua lebo ya nakala. Mstari wangu wa diski akaukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaongeza kadi ya mtandao ya aina ya kizamani, kiwango cha chini cha nafasi na cha kumbukumbu, aina ya mfumo, mwenye mali, mji. Nikamwambia, kwa huzuni, kwamba kuhusu diski nilishaandika jana na haikusaidia kitu.

"Uliandika wapi, mwanangu?"

"Kwenye nakala, Mma."

"Halafu ukawasha nini?"

"Mashine."

"Ilizaliwa lini hiyo mashine?"

"Jumatano."

"Basi ina lebo ya Jumatano," akasema. "Ambayo haikuwa na kitu."

Macho yalinitoka. Mashine huchukua lebo ya mama siku ile inapoumbwa, ikaenda nayo. Ukibadilisha lebo ya mama kesho yake, mtoto aliyekwisha kuzaliwa hana habari. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama, na bado siku nzima nilikuwa nimeamsha mtoto yuleyule mara tisa nikitegemea aamke na macho mengine. Mma hakulisoma popote kabla ya kuja kwetu. Alilijua kutoka kwenye vibanio, ambako makarani wapya husahihisha rejista ya ng'ombe mama halafu wanashangaa ndama bado ana hereni mbovu sikioni.

"Ifute hiyo," akaniambia. "Umba nyingine."

Nilimwambia mle ndani mna miaka kumi na minne ya watu, nikifuta na ikapotea je? Mma akanitazama kwa subira, akaniuliza mashine ile ilikuwa imeandika kitu gani kwenye diski ambayo haijawahi kuiona. Hakuna, nikasema. Na kumbukumbu za wafugaji ziko wapi? Kwenye nakala, nikasema, salama salimini. Akaningoja. Rra Keoagile alikuwa ametoa mikono mfukoni.

Nikakaa mezani kwa Mma, nikafuta. Nikaumba nyingine kutoka kwenye nakala ileile yenye lebo mpya. Ukumbi mzima ulikuja nyuma yangu, hata mlinzi wa getini. Skrini ikawa nyeusi, nami nikahisi jasho likinitiririka mgongoni chini ya lile tundu la baridi. Ukaja mstari mweupe. Ulisema diski imeonekana.

Tulikaa tu tukitazama ile mashine ikijivuta kwa uvivu wake wote, kama Rra Dabe alivyosema, mtu angeweza kweli kwenda kukamua akarudi. Saa tano na dakika thelathini na nane skrini ikajaa picha ya fahali mweusi mwenye mabaka meupe, pembe moja imepinda, amesimama kwenye mchanga akitutazama moja kwa moja. Simu ya Ghanzi ilikuwa bado mezani, haijakatwa. Mma akamwambia katibu anachokiona.

"Huyo ni Phatshwa," Rra Dabe akasema. "Alikufa miaka sita iliyopita. Nilimweka hapo mwenyewe. Mma, kama Phatshwa yupo, wote wapo."

Walikuwepo wote. Nilifungua orodha, ikashuka, ikashuka, mama na baba na babu, mpaka ndama wa mwezi uliopita. Mtandao nao ulikuwa umeshika, na kabla ya saa sita watu wa Ghanzi walikuwa wanachapisha karatasi zao za mnada huko huko kwao. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Mlinzi alimkumbatia mhasibu. Mimi nililia, na sioni haya kulisema: nililia kwa furaha, na kidogo kwa yale maandazi.

Rra Keoagile ningeweza kumsema vibaya, nina hamu hiyo, lakini siku ile alifanya kiungwana. Alikwenda kwenye boksi, akalibeba kama alivyoahidi, ila alilirudisha mezani, akatoa blanketi, akatoa picha ya wajukuu akaiweka wima. Kisha akaomba radhi, kwa sauti ambayo wote tuliisikia.

"Nimepokea, Rra," Mma akasema. "Sasa kaa."

Akamsogezea stuli ya wageni. Zilikuwepo nakala thelathini na mbili ambazo meneja alikuja nazo kutoka Johannesburg akaziingiza ghalani bila kumuuliza mtu. Mma alifungua ukurasa mwingine, akachungulia juu ya miwani, akauliza ya kwanza ilinunuliwa lini. Meneja alivua koti. Mpaka saa ya kutoka kazini bado alikuwa pale, anajibu, na pale asipojua alitumwa kwenda kupiga simu. Siku hizi ndiye mkali kupita Mma mwenyewe. Ukimletea nakala isiyo na lebo anakuuliza kama hiyo suti yako ina namba.

Jioni ile, wengine walipokuwa wanatafuta funguo za magari, nilikwenda kulitazama daftari. Nilitaka kuona ushindi ulivyoandikwa. Ukurasa wa Ghanzi ulikuwa na kila kitu: diski, kadi, nafasi, ukame, waya wa bluu, hata jina la Phatshwa. Chini kabisa kuna mstari ambao kila ukurasa unao, wa jina la aliyeiamsha mashine. Nilitegemea kusoma Onkemetse Ramasu, na ilikuwa haki yake. Badala yake, kwa ule mwandiko wa mviringo, alikuwa ameandika jina langu: Oteng, mara tisa bure, mara moja kweli.