Shangazi na Tanuri Lisilotaka Hewa

Anapiga magoti mbele ya bomba la chuma, anapaka povu la sabuni kwenye kiungio chake, kisha anatulia tuli kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Povu halichezi.

"Hapa hapavuji," anasema, na kuhamia kiungio kinachofuata.

Katika maabara hii anaitwa Shangazi, na hata mkurugenzi hamwiti vinginevyo. Kazi yake ni kuchoma kauri, ila si ya vikombe wala vigae. Anaanza na kimiminika kizito kama asali, kilichoundwa na wanakemia. Mashine inakivuta kuwa uzi mwembamba kuliko unywele, na uzi huo unaingia tanurini, kwenye joto linalopita digrii elfu moja, hadi ugeuke kauri ngumu. Chembe zinazoupa nguvu ni ndogo mno. Huonekana kwa hadubini maalumu pekee.

Sharti ni moja: hewa isiingie. Oksijeni ikipenya, uzi umeharibika. Ndiyo maana tanuri hujazwa gesi ya naitrojeni.

"Mume wangu ni fundi cherehani," anasema akicheka. "Kila siku ananitania, 'Nyuzi gani hizo zisizoshona hata kifungo?' Namjibu, zako zikiona kiberiti tu, kwaheri. Zangu zinalala motoni."

Kicheko hukatika anapofika kwenye siku ile.

Ilikuwa asubuhi. Alikuwa akitoka stoo, akachungulia kwenye kioo cha mlango wa chumba cha tanuri. Mtafiti mmoja, binti anayemwita mwanangu ingawa hakumzaa, alikuwa amelala sakafuni. Bomba lilikuwa limechomoka, naitrojeni imejaa chumbani na kuifukuza hewa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Humwangusha mtu kimya kimya.

"Miguu ilitaka kukimbilia ndani. Lakini nilijua nikiingia, tutazikwa wawili."

Alifunga valvu ya gesi iliyo nje ya chumba, akapiga ukunga, akaisukuma milango yote miwili kutokea nje upepo upite. Kisha akasubiri. Hapo sauti yake hushuka.

"Namwona pale, mtoto wa watu, nami nimesimama kama gogo. Kusubiri kule kuliniua mara mbili."

Mwenzake alifika mbio na kipima hewa. Kipima kilipoonyesha oksijeni imetosha, waliingia wakamkokota binti hadi nje.

Binti alizindukia hospitalini. Shangazi naye alijifungia nyumbani. Kila akifumba macho, aliona kile kioo. Mumewe aliacha utani, akamsihi aache kazi. "Sitaki kufiwa kwa sababu ya uzi," alimwambia.

Aliyemrudisha ni binti mwenyewe. Alifika kwao akitembea taratibu, akaketi, akasema, "Shangazi, naogopa kurudi peke yangu. Twende wote."

Wakaenda. Siku hiyo walishikana mikono mlangoni. "Kama watoto wa chekechea," anasema, na machozi yanamlengalenga.

Sasa ukutani kuna king'ora kinacholia oksijeni ikipungua. Shangazi hakiachii king'ora kila kitu. Ameomba kila mfanyakazi mpya aanzie kwake, na uongozi umekubali. Kundi la kwanza linakuja mwezi ujao.

"Watakuja na hamu ya kuona tanuri. Watangoja," anasema. "Nitawasimamisha nje kwanza, niwafundishe lililo gumu kuliko yote: umwone umpendaye ameanguka, na bado usikimbilie ndani."